Wakala wa kudai madeni Malindi: bei yake, kazi yake, na wakati wa kutomwita

Ikifika Mei, mvua za masika zikishashika na hoteli nyingi za ufuoni Malindi na Watamu zimefunga au zimebakisha walinzi na mtunza bustani, ndipo daftari za wauzaji zinaposema kweli. Muuza samaki ana invoisi za Januari. Fundi wa friji na eesi alitengeneza mashine sita kabla ya Krismasi, akalipwa mbili. Duka la vifaa vya ujenzi limetoa saruji na rangi kwa nyumba ya mgeni ambaye keshapanda ndege. Hapo ndipo mtu hukumbuka ile kadi iliyoachwa dukani: tunakusanya madeni, usipolipwa hatukutozi.

Tathmini hii ni ya huduma hiyo kwa jumla, jinsi inavyouzwa kwa biashara ndogo za Malindi, Watamu na Mambrui. Si ya kampuni moja. Uamuzi wetu tunautoa mapema: inafaa kwa deni la aina moja tu, yaani deni lenye karatasi safi la mteja mwenye uwezo, ambaye ameona kwamba akikupuuza hapatwi na lolote. Aliyefilisika hakuna wakala wa kumkamua. Deni lisilo na maandishi, wakala atalizungusha miezi mitatu na kukurudishia vilevile. Na jirani wa Majengo anayedaiwa elfu nne, ukimtumia wakala umejivunjia ujirani kwa pesa ya mafuta ya taa.

Unachonunua si ukali. Unanunua mtu wa kupiga simu ileile kila Jumanne bila kuona haya. Muuzaji anayekutana na mdaiwa wake msikitini, sokoni na kwenye maharusi kazi hiyo humshinda, na wadaiwa wa mji mdogo wanalijua hilo vizuri sana. Wahenga walishasema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Nani hasa unayemwajiri

Watu huchanganya kazi tatu. Wakala wa madeni huongea, huandika, hutembelea na kupanga malipo. Mamlaka yake hayazidi yako hata kidogo. Wakili huandika barua ya madai na, ikibidi, hufungua kesi. Dalali wa mahakama huja mwisho kabisa, baada ya hukumu, akiwa na amri mkononi. Huorodhesha mali na kumpa mdaiwa siku 7 za kulipa kabla ya kuichukua. Wakala akikuahidi kwamba ataingia hotelini wiki hii atoke na jokofu, huyo anakuuzia kesi ya wizi, na jina lako litakuwa la pili kwenye mashtaka.

Kumchunguza wakili na dalali ni rahisi: wakili ana cheti cha kila mwaka na jina lake hutafutwa kwenye orodha ya Chama cha Mawakili, dalali ana leseni ya bodi ya madalali. Wakala hana bodi ya namna hiyo, kwa hiyo kazi ya kumpekua ni yako: cheti cha usajili wa biashara, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), ofisi yenye mlango unaoweza kuubisha, na wateja wawili wa sasa unaoweza kuwapigia. Wengi wanaohudumia Malindi wana ofisi Mombasa, kilomita kama 120. Si kasoro, ila uliza mapema nauli ya kila ziara analipa nani. Kuna mikataba inayosema "gharama za safari kwa mteja" bila kiwango, na ziara nne za Watamu zinaweza kulila deni dogo lote.

Bei, na hesabu ambayo hawakuonyeshi

Bei hutajwa kwa asilimia ya kilichokusanywa, na hupanda kadiri deni linavyozeeka. Hilo ni haki: deni la siku 60 na la miaka miwili si kazi moja. Lakini fanya hesabu hadi mwisho. Tuseme hoteli inadaiwa KSh 180,000 za samaki, na kamisheni ni asilimia 15. Hiyo ni 27,000. Kama wakala amesajiliwa kwa VAT, ongeza asilimia 16 juu ya kamisheni: 4,320. Jumla 31,320, wewe unabaki na 148,680. Ikiwa faida yako kwenye samaki hao ilikuwa asilimia 12, yaani 21,600, basi kamisheni imemeza faida yote na kuingia kwenye mtaji kwa 9,720. Bado ni afadhali kuliko kupoteza mtaji wa 158,400, lakini usidhani "umelipwa". Umepunguza hasara.

Ada ya kufungua faili tunaipinga. Wakala anayetaka elfu tano kwa kila jina kabla ya kupiga simu moja anaishi kwa majina, haishi kwa makusanyo.

Asilimia peke yake haikwambii lolote. Vifungu vinavyoizunguka ndivyo vya kusoma mara mbili. Kamisheni ihesabiwe kwa pesa iliyoingia, si kwa ahadi wala kwa mpango wa malipo uliotiwa sahihi. Mteja akirudisha bidhaa, thamani yake isikatwe kamisheni kama ya fedha taslimu. Majina ambayo tayari yanalipa kidogo kidogo yaorodheshwe pembeni na yasiguswe. Muda uwe na mwisho, siku 90 zinatosha, kisha faili irudi kwako bila faini; tumeona karatasi zinazomfunga mwenye duka mwaka mzima na kumdai kamisheni hata kwa deni alilolifuata mwenyewe. Punguzo lolote kwa mdaiwa likubaliwe na wewe kwa maandishi, la sivyo wakala atamsamehe mtu theluthi ya deni ili apate chake haraka.

Na pesa ipite wapi? Iingie kwenye till au paybill yako, au akaunti yako ya benki, moja kwa moja. Wakala atumiwe sehemu yake baadaye kwa invoisi. Hili halina mjadala. Pesa ikishaingia kwenye simu ya mtu, hata awe mwaminifu kiasi gani, utaanza kumdai yeye, na utakuwa na madeni mawili badala ya moja. Kumbuka pia kwamba M-Pesa haipitishi zaidi ya KSh 250,000 kwa muamala mmoja. Mdaiwa wa 400,000 asikubabaishe kwamba "imekataa", mwambie atume mara mbili au apitie benki.

Mdaiwa ni nani? Hapa ndipo wengi hukwama

Sehemu hii ndiyo inayowatenganisha mawakala wazuri na wapiga simu. Malindi jina la kwenye lango si jina la mdaiwa. Hoteli inaitwa hivi, jengo ni la kampuni nyingine, anayeiendesha kwa kukodi ni kampuni ya tatu, na aliyekuagiza kamba kilo 40 kwa WhatsApp ni mpishi ambaye sasa yuko Diani. Msimu ukiisha mwendeshaji huondoka, mwingine huingia na kupaka lango rangi. Muuzaji huenda na daftari lake kwa mwendeshaji mpya, naye husema kweli kabisa kwamba hamjui. Kisheria kampuni ni mtu wake mwenyewe: meneja akiondoka deni linabaki kwa kampuni iliyoagiza, wala halimrukii aliyekodi jengo baada yake.

Wakala anayejua kazi atakuuliza swali hili siku ya kwanza, kabla ya kuuliza kiasi: invoisi uliandika kwa jina gani? Kisha atatoa CR12, hati rasmi ya usajili ya kampuni hiyo, kupitia eCitizen, ionyeshe wakurugenzi na anwani iliyosajiliwa, na barua itakwenda huko pamoja na hotelini. Asiyejua CR12 ni kitu gani, mshukuru kwa chai na umwache.

Kwa majumba ya kifahari ya wageni kuna tatizo jingine. Mwenye nyumba yuko Italia, anayeagiza ni msimamizi, na msimamizi hana pesa ila anayotumiwa. Kumbana msimamizi ni kupoteza muda bure. Ukimsukuma sana atanunua kwa jirani yako. Barua imfikie mwenyewe, kwa barua pepe, na iwe na invoisi, picha za kazi na namba ya akaunti. Wakala anayeweza kuiandika kwa Kiitaliano sawasawa ana thamani Malindi kuliko yule mwenye sauti nzito. Mara nyingi mwenye nyumba alishatuma pesa hizo Februari, zikaishia njiani. Hapo deni hugeuka kuwa ugomvi wao wawili, na mwenye nyumba asiyetaka aibu hulipa upesi.

Faili unayompa

Wakala hawezi kuwa na nguvu kuliko karatasi zako. Kwa kila deni anahitaji invoisi, ikiwezekana ya eTIMS (mfumo wa invoisi wa KRA), maana mteja aliyeitumia kupunguza kodi yake hawezi kusema hakupokea bidhaa. LPO (hati ya mteja ya kuagiza bidhaa) au ujumbe wa kuagiza. Karatasi ya kupokelea mzigo yenye jina, sahihi na mhuri (mhuri hasa, kwa sababu sahihi za stoo hukanushwa kila siku). Orodha ya malipo yaliyokwisha kuingia na tarehe zake. Na nakala ya mazungumzo ya WhatsApp yenye namba kuonekana. Muuza samaki huwa na udhaifu wake mahususi: uzito. Mizani ya pwani ilisema kilo 42, ya jikoni ikasema 39, hakuna aliyeandika, na miezi mitano baadaye kilo 3 hizo zinakuwa sababu ya kutolipa kilo 39. Andika uzito uliokubaliwa mlangoni, papo hapo.

Usiongeze faini ya kuchelewa ambayo haikuwa kwenye makubaliano. Mdaiwa mwenye wakili ataishika hiyo na kuliacha deni lenyewe likining'inia. Na wapo wauzaji wengi huku ambao hawataki riba iguse pesa yao kabisa. Kama wewe ni mmoja wao, iandike kwenye mkataba wa wakala, maana baadhi huongeza "ada ya usumbufu" kwenye barua bila kukuuliza.

Muda nao una mkato. Deni la mkataba halidaiwi mahakamani baada ya miaka 6 tangu lilipostahili kulipwa. Saa hiyo huanza upya mdaiwa akilipa sehemu, au akikiri deni kwa maandishi yenye sahihi yake. Kwa sababu hiyo kipimo chetu cha wakala ni kimoja kidogo: je, katika ziara ya kwanza alitoka na hati ya kukiri deni? Ukurasa mmoja tu: jina kamili la kampuni, kiasi, invoisi zinazohusika, tarehe za kulipa, sahihi na mhuri. Hata asipolipwa hata senti siku hiyo, amekufanyia kazi kubwa, kwa sababu ubishi wa uzito, wa ubora na wa "hatukupokea" umekufa hapo.

Hundi ya tarehe ya mbele si badala ya hati hiyo. Kutoa hundi isiyo na salio ni kosa kwa kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu, lakini kifungu hichohicho kinaiacha nje hundi ya tarehe ya mbele. Ndiyo maana wadaiwa wajanja huipenda.

Kazi nzuri huendaje

Siku tatu za kwanza hakuna simu: anakagua karatasi na kumtafuta mdaiwa halisi. Siku ya nne au ya tano, barua yenye siku 7 au 14 za kujibu. Baada ya hapo simu mbili kwa wiki, kwa mhasibu na si kwa mapokezi, halafu ziara. Hoteli nyingi zina siku yao ya kulipa wauzaji. Wakala anayefika siku nyingine anakunywa maji ya baridi na kuambiwa mkubwa ametoka. Kila Ijumaa akutumie taarifa fupi: alizungumza na nani, saa ngapi, kilichoahidiwa, hatua inayofuata. Taarifa ya "tunaendelea kufuatilia" si taarifa.

Majira yazingatiwe. Kumpa wakala jina la hoteli mwezi Mei ni kumpa lango lililofungwa. Barua iende Mei, ndiyo, lakini mpango wa malipo upangwe ukubwa wake ufuate wageni: kidogo Juni, zaidi Agosti, na sehemu kubwa kati ya Desemba na Januari wakati chumba kina mtu. Mpango wa malipo sawasawa kwa miezi sita unaoanzia Aprili huvunjika mwezi wa pili, na ukivunjika mara moja mdaiwa hupoteza aibu. Wakala wa Nairobi asiyejua kusi na kaskazi huandika mipango ya aina hiyo kila mwaka.

Yanayoharibika

Vitisho vya CRB, yaani kampuni zinazoweka rekodi za wakopaji, ndivyo vya kawaida zaidi, na vingi ni hewa. Taarifa za CRB hutoka kwa benki, sacco na watoa taarifa wengine waliokubaliwa chini ya kanuni za Benki Kuu, na mtu hupewa notisi kabla ya kuwekwa. Duka la mbao la Barani haliwezi kutuma jina tu. Mdaiwa anayejua hilo atacheka, na barua zako zote zinazofuata zitakuwa karatasi za kufungia mahamri.

Polisi vivyo hivyo. Deni la biashara ni madai ya kiraia. Anayekwambia "OCS ni mtu wetu" anakutafutia matatizo.

Kibaya kuliko vyote ni kuaibisha: picha ya mdaiwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, simu kwa mkewe, ujumbe kwa mwajiri wa mwanawe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhesabu wewe mwenye duka kuwa ndiye mwenye dhamana ya taarifa hizo. Wakala anazitumia kwa niaba yako, na lazima muwe na mkataba wa maandishi kuhusu hilo. Faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo. Weka kifungu: wakala hazungumzi deni na mtu yeyote isipokuwa mdaiwa na wahasibu wake, na akikiuka mkataba unakufa siku hiyo.

Deni la serikali ya kaunti usimpe wakala. Mali ya serikali haikamatwi na dalali, kwa hiyo hakuna cha kumsukumia. Nenda na LPO yako kwenye idara ya fedha na uhakikishe jina lako limo kwenye orodha ya madeni yaliyohakikiwa.

Wakala au mahakama?

Kwa deni lisilozidi KSh milioni 1, mshindani halisi wa wakala ni mahakama ya madai madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Huhitaji wakili, ushahidi hausikilizwi kwa masharti magumu ya mahakama nyingine, kesi inatakiwa imalizike ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa, na rufaa ni kwa hoja za kisheria tu. Hukati asilimia 15 kumpa mtu. Ila hukumu si pesa: baada yake bado kuna kukazia hukumu (kuifanya itekelezwe), kumlipa dalali, au kuomba amri ya kukamata fedha zilizoko benki. Na vitu kama vyombo vya kupikia, matandiko na zana za kazi za fundi havikamatwi, kwa hiyo kumshitaki seremala mwenzako ni kujichosha.

Kwa uzoefu wa kazi hii tungegawa hivi. Chini ya elfu 20, fuata mwenyewe, na ukomeshe mkopo. Kati ya hapo na laki moja, barua moja ya wakili wa Malindi kwa ada mliyokubaliana kabla; anuani ya ofisi iliyo karibu na mahakama ina uzito ambao kadi ya wakala haina. Wakala tunampa madeni mengi ya ukubwa wa kati kwa pamoja, tuseme majina 10 hadi 30 ya msimu mmoja, ambako kupiga simu 60 kwa wiki ndiyo kazi yenyewe. Deni moja kubwa lenye ubishi, nenda mahakamani moja kwa moja. Kama ni lazima nyota: tatu kati ya tano kwa wakala mwenye mkataba mzuri, moja kwa wakala asiye na mkataba.

Deni likilipwa, mambo mawili hubaki na mara nyingi husahaulika. Wakala akurudishie karatasi zote za asili na afute namba za mdaiwa kwenye simu zake. Na mdaiwa apewe barua ya kumaliza deni, yenye mhuri wako, siku hiyohiyo. Msimu ukirudi atahitaji samaki tena, naye anajua kwamba sasa kwako ni taslimu mlangoni, kabla ya ndoo kushushwa kwenye tuktuk.